Mkanda wa Sufu wa Kichwani: Mazungumzo na Wafumaji

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya akina mama na vijana wanaojifunza kufuma. Tunayachapa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Kama una uzi nyumbani, ulete karibu, maana maneno ya kufuma hayaingii kichwani mikono ikiwa mitupu.

Leo tuzungumze juu ya mkanda wa kichwani wa kuzuia baridi. Ni ule mnene, wa upana wa kiganja, unaofunika paji la uso na masikio yote mawili na kuacha utosi wazi. Unafumwa kwa kroshia, au kroshe kama tulivyozoea kusema wengi wetu tuliotoka Kivu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mkanda na si kofia? Kofia ni nzuri, wala siipingi. Lakini dada aliyesuka nywele, au aliyezifunga fundo nyuma, anajua kofia inavyogoma kuingia. Na mama anayebeba ndoo kichwani hawezi kuweka ngata juu ya kofia nene ya sufu, itateleza. Mkanda unaacha mahali pa ngata. Masikio yanapata joto na mzigo unakaa palepale.

Baridi yenyewe mnaijua. Waliofika Kiziba mwaka 1996, juu ya ule mlima unaotazama Ziwa Kivu, na waliofika Kigeme mwaka 2012, katika vilima vya Nyamagabe, wote wana hadithi moja ya usiku wa kwanza. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku hauna mawingu, kwa hiyo joto la mchana hupanda juu na kupotea. Alfajiri, kwenye foleni ya maji, masikio huuma kama yamefinywa.

Tuanze na uzi, kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao.

Uzi mpya wa dukani ni mzuri lakini ni ghali, na ule mnene haupatikani kila mahali. Sisi tunafumua masweta ya mitumba. Mnakumbuka kwamba mwaka 2016 kodi ya mitumba nchini hapa ilipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na senti 50 kwa kilo. Tangu wakati huo sweta si kitu cha kuokota. Ndiyo maana nasema usilipe kabla hujaligeuza nje ndani.

Geuza sweta, utazame mshono wa ubavuni. Kama kingo za kitambaa ni nzima, zimeunganishwa tu kwa uzi mmoja unaokimbia kama mnyororo, nunua. Ukikata uzi ule, sweta litaachana vipande vinne na kila kimoja kitafumuka uzi mrefu usiokatika. Lakini kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa nyuzi nyembamba nyingi za cherehani, liache hapohapo. Hilo limekatwa kutoka kitambaa kikubwa. Ukilifumua utapata vipande vifupi, kila kimoja kina urefu wa upana wa kifua chako tu, na utakaa unafunga mafundo mpaka Krismasi. Mimi nilinunua la namna hiyo, rangi nyekundu nzuri sana. Mafundo yake bado ninayo kwenye kikapu.

Sweta la mtu mzima likiwa zito huweza kutoa mikanda minne, pengine mitano. Mkanda mmoja hula kama gramu 70.

Jambo la pili ni kujua uzi huo ni wa nini. Muuzaji atakwambia ni sufu, na pengine yeye mwenyewe anaamini hivyo. Pima kwa moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, toka nje ya nyumba mbali na turubai, kishike kwa koleo juu ya sahani ya mchanga, kisha ukiwashe. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, hujizima yenyewe ukiondoa moto, na majivu yake husagika mkononi. Pamba hunuka kama karatasi. Uzi wa kiwandani unaoitwa akriliki huyeyuka, huendelea kuwaka, na huacha tone gumu jeusi. Usiliguse tone hilo likiwa moto, linaganda kwenye ngozi.

Sisemi akriliki ni mbaya. Ni nyepesi, inafuliwa bila taabu, haimkwaruzi mtoto. Lakini usiivae ukiinamia jiko, wala usimvalishe mtoto anayeketi karibu na moto. Sufu ina faida nyingine: kila unywele wake umejikunja, na katikati ya hiyo mikunjo hewa hukaa isitembee. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayokupa joto. Hata ikipata umande, sufu haigeuki baridi upesi kama pamba. Pamba iliyolowa kichwani alfajiri ni afadhali uivue.

Ukishafumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne ili usivurugike, uuoshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kisha uutundike kivulini huku umening'iniza jiwe dogo chini. Uzi wa sweta hutoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Usipounyosha kwa maji na uzito, vipimo vyako vyote vitakudanganya.

Uzi wa sweta huwa mwembamba. Mkanda wetu unataka unene, kwa hiyo shika nyuzi mbili au tatu kwa pamoja, ufume kana kwamba ni uzi mmoja. Hapa unaweza kuchanganya rangi, na mimi napenda kuchanganya kijivu na rangi moja kali. Lakini usichanganye sufu na akriliki katika mkanda mmoja. Siku ya kufua, moja itasinyaa na nyingine itabaki, na mkanda utajikunja kama jani kavu.

Sindano ya kroshia ya uzi mnene inatakiwa iwe na unene wa milimita 8 hivi. Wale wanaotengeneza sindano kwa spoki ya baiskeli, hiyo inafaa vitambaa vya meza, si kazi hii. Chonga ya mwanzi au ya mti mgumu, urefu wa sentimita 15. Chonga mdomo wa ndoana kwa kisu kidogo, ulainishe kwa msasa, kisha upake mafuta ya kupikia na kuufuta. Pitisha ncha yake kwenye shavu lako. Ikikukwaruza, itakwaruza na uzi.

Sasa pima kichwa, na mniwie radhi kama nitasema sana hapa.

Kundi letu la kwanza lilikuwa la wanawake sita. Tulipata kazi ya mikanda 30. Kila mmoja alifuma kwa kukumbuka kichwa chake mwenyewe, na tulitumia mafundo ya kawaida, safu ndefu zinazozunguka kichwa. Siku ya kuuza ilikuwa mizuri. Baada ya wiki moja watu wakaanza kuirudisha. Ilikuwa imelegea, inashuka machoni, na mama mmoja aliuvaa wake shingoni ili kutuonyesha. Hakusema neno lingine. Tulirudisha fedha, na uzi ule tulifumua tena usiku kwa taa.

Kwa hiyo: chukua kamba isiyovutika. Izungushe juu ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma pale fuvu linapokutana na shingo. Pima kamba hiyo kwa futi ya fundi. Wanawake wengi hufika sentimita 55 hadi 57. Mtoto wa miaka mitano huwa karibu na 51, na wa mwaka mmoja karibu na 46. Kisha punguza. Kwa mtu mzima punguza sentimita 5, kwa mtoto 3. Mkanda lazima uwe mfupi kuliko kichwa, maana utavutika, na kule kuvutika ndiko kunakoushika. Mwenye kichwa cha 56 atafumiwa mkanda wa 51.

Mpime mteja kwa kamba, usimjaribishe mkanda uliokwisha kuvaliwa na wengine. Mapunye hupita kwa njia hiyo, na chawa pia. Ukiwa na mikanda kumi mezani na watoto ishirini wameijaribu yote, unauza ugonjwa.

Mkanda wetu hatuufumi kwa kuzunguka kichwa. Tunaufuma kwa safu fupi zinazosimama, kama vigingi vya ua, na urefu unaongezeka safu kwa safu mpaka utoshe. Sababu ni hii: ufumaji huu hutoa matuta na mabonde, na matuta hayo hufunguka kama akodioni ukiyavuta na kurudi ukiyaachia. Hicho ndicho tulichokosa katika ile mikanda 30.

Anza na kitanzi, kisha fuma mnyororo wa matundu 12. Ruka tundu lililo karibu kabisa na sindano. Katika kila tundu lililobaki fuma fundo moja ambalo hapa tunaliita nusu nguzo. Waliofundishwa kwa majina mengine wafuate mkono wangu, wasifuate jina. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano. Ingiza sindano tunduni, vuta uzi utoke. Sasa una vitanzi 3 juu ya sindano. Zungusha uzi tena, uvute upite katika vitanzi vyote 3 kwa mara moja. Hiyo ni nusu nguzo. Mwisho wa safu uwe nazo 11. Hesabu.

Geuza kazi. Fuma tundu 1 la mnyororo, ambalo halihesabiwi, ni la kupandia tu. Sasa tazama juu ya safu uliyomaliza. Kila fundo lina nyuzi mbili zilizolala kama herufi V. Mmoja uko upande wako, mwingine uko mbali nawe. Ingiza sindano chini ya ule wa mbali peke yake. Ule wa karibu uuache usimame, ndio utakaotengeneza tuta. Fuma nusu nguzo 11 namna hiyo, geuza, rudia.

Kosa ambalo kila mwanafunzi wangu amelifanya liko mwishoni mwa safu. Fundo la mwisho hujificha, linajilaza pembeni kama halipo. Ukiliruka mara moja utakuwa na 10, kisha 9, na mkanda utakuwa ncha ya mkuki. Kwa safu kumi za kwanza hesabu kila safu kwa sauti. Jirani akikucheka, mwambie ajiunge.

Kosa la pili ni mkono mgumu. Mtu mwenye mawazo hukaza uzi. Nimeona hilo kwa wengi, na kwangu mwenyewe. Ukiona sindano haiingii, usiilazimishe. Weka kazi chini, fanya jambo lingine, urudi. Mafundo yaliyobanwa sana hayana nafasi ya hewa, na bila hewa hakuna joto hata uzi ukiwa mnene namna gani.

Mimi hufika urefu unaotakiwa kati ya safu ya 36 na ya 42. Usitegemee hesabu yangu, tegemea futi. Pima mkanda ukiwa umelala mezani bila kuvutwa.

Kuunga kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukutanisha ncha na kushona moja kwa moja, mshono ukae nyuma. Ni haraka, na wanaume huipenda. Ya pili ni ile yenye fundo zuri mbele. Kunja kila ncha katikati kwa upana wake, iwe kama mdomo uliofumba. Ingiza nusu ya ncha moja ndani ya mkunjo wa ncha ya pili, kama viganja viwili vilivyoshikana, ili upate tabaka nne. Shona zote nne kwa sindano butu, ukihakikisha uzi umepita katika kila tabaka, kisha upindue mkanda. Mbele patatokea mkunjo uliopishana. Hauongezi joto masikioni, ni urembo tu, lakini huo urembo ndio unaouza. Ncha za uzi zichomeke ndani angalau sentimita 5, uende na kurudi, ndipo ukate.

Kuhusu watoto nitasema kwa ufupi. Mtoto mchanga asilale na mkanda, unaweza kuteleza ukaziba pua. Vifungo na shanga visishonwe kwenye mkanda wa mtoto anayetia vitu mdomoni. Na mkanda si dawa: mtoto anayepumua haraka haraka, au ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya saa ileile, usingoje asubuhi.

Kufua: maji baridi au vuguvugu, bila kusugua. Niliwahi kumpa binti yangu mkanda wangu wa sufu aufue, naye kwa bidii yake akautia katika maji ya moto na kuusugua kama kaniki. Ulitoka mdogo, mgumu kama soli ya kiatu. Sasa anauvaa mdoli wa mjukuu. Ukamue ndani ya kitambaa kikavu, uulaze kivulini. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki imekatazwa nchini hapa tangu mwaka 2008, uhifadhi ndani ya kitambaa au bahasha ya karatasi. Ni bora hivyo, sufu haipendi unyevu uliofungiwa.

Sasa bei. Tuseme sweta umelinunua kwa faranga 3,000 na limekupa mikanda 4. Uzi wa mkanda mmoja ni faranga 750. Weka 50 za sabuni na uzi wa kushonea, ni 800. Mkanda umekuchukua saa 3. Mtu akikupa 1,000 ukashukuru, umefanya kazi saa tatu kwa faranga 200, na sweta la pili hutalinunua. Ukiuza 1,800, umebaki na 1,000. Ndipo unaweza kuweka akiba ya uzi. Wengi wetu tunaona haya kutaja bei kwa mtu tunayemjua. Andika bei kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwenye mkanda. Karatasi haina haya.

Kuna mkanda mmoja nimeuweka hapa mezani, wa bluu na kijivu, na mtu ameniuliza ni wa nani.

Mwishoni mwa mwaka 2024 familia kadhaa zilituagiza mikanda 17 ya safari. Walikuwa wameambiwa wajiandae kwenda Marekani. Niliwaeleza kile ninachomweleza kila anayekwenda nchi za baridi kali: mkanda peke yake hautoshi. Mahali kama Winnipeg, nchini Canada, usiku wa Januari mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na sehemu nyingi za kaskazini ya Marekani haziko mbali na hapo. Huko unauvaa mkanda ndani ya kofia ya koti, masikio yasiguswe na upepo, na utosi nao unafunikwa. Walilipa nusu, tukafuma.

Mwezi Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zilisimamishwa. Wengine walikuwa wameshauza magodoro na vyombo. Mikanda 17 ilikuwa tayari mezani, na nusu ya fedha ilikuwa haijalipwa. Kundi letu lilikaa kulizungumza. Mmoja alisema tuidai, maana uzi tuliununua kwa mkopo wa kikundi. Mwingine alisema haiwezekani kumdai mtu ambaye hana pa kulala. Tulibishana mpaka jua likazama, na siwezi kusema upande mmoja ulikuwa na makosa. Mwisho tuliamua kwamba anayetaka mkanda wake auchukue kwa ile nusu aliyolipa, na asiyeutaka arudishiwe nusu yake tutakapouuza.

Kumi na mmoja waliuchukua. Mitano tuliiuza mwezi Juni kwenye soko la nje ya kambi, kwa watu wa vilimani ambao nao masikio yao yanauma kama yetu, na wenye mikanda hiyo walirudishiwa nusu zao siku hiyohiyo. Deni la uzi tulimaliza kulilipa mwezi Septemba.

Huu wa bluu ndio wa kumi na saba. Mwenyewe ni msichana ambaye alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya safari, na tulipima kichwa chake pamoja na misuko. Alisema hautaki, lakini pia tusiuuze, tumwekee. Basi tumemwekea. Mwezi uliopita alikuja kuuliza kama anaweza kujifunza kufuma, na ndiye aliyewagawia ninyi kamba za kupimia mlipoingia.

Kikao kijacho tutafuma safu kumi za kwanza pamoja. Njoo na kamba yenye kipimo cha kichwa cha mtu mmoja wa nyumbani kwako, iliyofungwa fundo mahali inapoishia. Asiye na sindano aje na kipande cha mwanzi mkavu cha sentimita 15, kisu kipo. Sweta lolote unalotaka kununua, lilete kwanza tuligeuze pamoja tutazame mishono yake.